Shajara ya mradi: vichezeo vya kasuku, bei ndogo na bila sumu

Jumamosi: kwa nini naanza

Sultani, kasuku wangu wa kijivu, amemaliza kichezeo kingine cha dukani. Nilikitundika asubuhi, na jua lilipotua palikuwa pamebaki mnyororo na kengele. Pili, ambaye ni koktieli, yaani kasuku mdogo mwenye kishungi, hakukigusa kabisa. Mbao zake zilikuwa nene kuliko alivyoweza kuzifungulia mdomo. Basi nimeamua kutengeneza mwenyewe na kuandika humu ninavyokwenda. Masharti ni mawili: kazi hii isinifilisi, na isimpeleke ndege kwa daktari.

Jambo moja nataka liwe wazi tangu mwanzo, maana ndilo litakaloamua mengine yote. Kasuku anapobomoa kitu hafanyi utundu. Mdomo wake unakua maisha yake yote na unahitaji kusuguliwa. Porini hushinda akichambua magome, akivunja kokwa, akipasua matunda apate mbegu, na wengi wao huchimba au kupanua matundu ya miti ili watage. Mnyime kazi hiyo, ataitafuta kwingine: kwenye mlango wa kabati, kwenye waya wa umeme, au kwenye manyoya yake mwenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kulea kasuku wachanga wa jamii ya Amazona katika hali mbili. Waliopewa vitu vya kutafuna na chakula cha kutafutwa hawakujinyonyoa kama wenzao waliokaa kwenye vizimba vitupu. Nao wenzao, walipopewa vitu hivyohivyo baadaye, manyoya yao yakaanza kurudi.

Kwa hiyo sitafuti kichezeo kisichovunjika. Kitu kisichovunjika, kwa kasuku, ni fanicha. Ninachotaka ni kichezeo chenye sehemu mbili: kiunzi cha chuma kitakachodumu miaka, na vitu vya kutafunwa vitakavyopachikwa humo, viharibiwe, vitupwe, vipachikwe vingine. Pesa iende kwenye kiunzi mara moja tu. Vya kutafunwa vitoke kwenye vitu ambavyo vingetupwa.

Jumapili: ukaguzi

Kabla ya kutengeneza chochote nimetoa kila kitu kizimbani nikakiweka mezani kwenye mwanga. Sultani alikaa juu ya mlango akiuliza "Nani?" kila nilipoangusha kitu.

Vilivyokwenda moja kwa moja kwenye takataka:

Njuga za mviringo zenye mpasuo. Mpasuo ule ni mtego. Kidole cha koktieli kinaingia vizuri na kutoka hakitoki, na ncha ya mdomo vivyo hivyo.

Pete za kufungulia funguo, zile za chuma kilichojisokota mara mbili. Kasuku mwenye nguvu huzipanua, kisha mdomo au ulimi unabanwa katikati.

Kulabu za kubonyeza zenye springi, kama zile za kamba ya mbwa. Kasuku hujifunza kuzifungua, na siku akizifungua nusu huweza kujining'iniza kwa ngozi ya kidevu.

Kijumba cha kitambaa chenye manyoya laini, kilichouzwa kama kitanda. Hiki nilikuwa nakiona kizuri. Lakini ndege hutafuna zile nyuzi, nazo hukusanyika kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni, na firigisi zikawa fundo lisilopita. Isitoshe, mahali peusi na pa kujibanza humwambia ndege kwamba msimu wa kutaga umefika, na hapo ndipo ukali unapoanza.

Mnyororo wenyewe, nitaueleza kesho kutwa. Kamba ya pamba iliyochakaa nimeikata, ingawa kamba nina mengi ya kusema juu yake.

Jumanne: chuma

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na sijutii. Ukiniuliza hatari kubwa iko wapi kwenye kichezeo cha bei rahisi, nitakujibu kwamba haiko kwenye rangi wala plastiki. Iko pale juu, kwenye kile kidogo kinachokitundika.

Waya na minyororo mingi ya kawaida hupakwa zinki ili isishike kutu. Kasuku haulambi tu mnyororo, anaukwangua, anaumenya. Vipande vya zinki vikimezwa hukaa kwenye firigisi, tindikali ya tumboni huviyeyusha kidogokidogo, na zinki inaingia damuni. Wafugaji wa zamani walikuwa wakipata vifo mara tu baada ya kuhamishia ndege kwenye kizimba kipya cha waya. Sababu ni kwamba waya mpya ndio wenye matone na unga mweupe wa zinki unaobanduka kirahisi. Metali ya risasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa kiasi kidogo tu kinatosha. Hupatikana kwenye ulimi wa kengele za rahisi, kwenye vizito vya kushikilia mapazia, kwenye lehemu, na kwenye rangi za nyumba za zamani.

Dalili hazijitangazi. Ndege anapoa, anakunywa maji kupita kawaida, anatapika, kinyesi kinabadilika rangi, miguu inalegea; mwisho ni degedege. Kwa daktari hupigwa picha ya eksirei na kupimwa damu, na ipo dawa ya kuvuta metali kutoka mwilini, lakini inategemea kuwahi. Hakuna dawa ya nyumbani kwa jambo hili.

Nimejaribu kila kipande kwa sumaku. Naandika hapa matokeo na mipaka yake, maana watu huiamini sumaku kuliko inavyostahili. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 au 316 kwa kawaida hakivutwi na sumaku, au kinavutwa kidogo tu mahali kilipokunjwa. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kinavutwa sana. Kwa hiyo mnyororo uliong'ang'ania sumaku nimeutupa. Lakini kisichovutwa hakijawa salama kwa sababu hiyo pekee: risasi haivutwi, zinki tupu haivutwi, na shaba ya njano haivutwi, nayo ndani yake imechanganywa zinki. Sumaku inakusaidia kukataa. Kukubali ni lazima ujue ulichonunua.

Uamuzi: nimenunua fimbo mbili nyembamba za chuma cha 304, zile zinazofanana na za mishikaki, ila ncha yake ni butu na inafungwa kwa nati, pamoja na pete ndefu za kutundikia zenye nati ya kukaza. Pete hizo nazikaza kwa koleo, si kwa vidole. Nati iliyokazwa kwa vidole Sultani anaifungua kabla sijafunga mlango wa kizimba. Hii ndiyo gharama kubwa ya mradi mzima na haitarudiwa.

Alhamisi: mbao

Nimekwenda kwa fundi seremala kuomba vipande vinavyobaki chini ya msumeno. Aliniangalia kama mtu aliyekuja kuomba vumbi.

"Fundi, shikamoo. Naomba mabaki ya mbao laini. Ila zisiwe zimetiwa dawa ya mchwa."

"Marahaba. Za nini?"

"Za kasuku kutafuna."

Alicheka, kisha akawa makini kuliko nilivyotarajia. Alinitenganishia rundo: huku msonobari mkavu usiopakwa kitu, kule mbao zenye kijanikijani. Zile za kijani hakuniruhusu nizishike kwa ajili ya mnyama. Yuko sahihi. Mbao nyingi za zamani za kujengea nje zilishindiliwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki, na dawa za sasa nazo si chakula. Plaiwudi na mbao za unga ulioshindiliwa nimeziacha pia, kwa sababu ya gundi. Mwerezi wenye harufu kali nimeuacha. Mafuta yanayofukuza wadudu hayawezi kuwa rafiki wa mapafu ya ndege.

Kuhusu paleti za mizigo, kwa kuwa ni mbao za bure zinazoonekana kila mahali: tafuta muhuri. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa alama ya kimataifa yenye picha ya suke la ngano, na pembeni herufi za namna zilivyotibiwa. HT maana yake zimepashwa joto hadi kiini cha ubao kikafika nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30. MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Hizo ziache palepale. Isiyo na muhuri, iache. Na hata yenye HT, ukiona doa la mafuta au kemikali, iache, kwa sababu muhuri hausemi ilibeba nini jana.

Matawi mabichi ni bora kuliko mbao zote kwa maoni yangu, kwa sababu yana gome, na kumenya gome ndiyo kazi anayoipenda Sultani kuliko zote. Mchungwa, mpera, mtufaha na mwanzi havina shida, mradi havikupuliziwa dawa na haviko kando ya barabara yenye moshi. Mparachichi, la: mti huo una sumu iitwayo persini, inayodhuru moyo wa ndege. Oleanda, kile kichaka cha mapambo chenye sumu, la kabisa. Mti usioujua jina, usiuingize kizimbani.

Matawi nayasugua kwa brashi na maji moto, nayaanika, kisha nayaweka kwenye oveni yenye moto mdogo kuua wadudu. Nikae jikoni muda wote, maana mbao kavu huwaka. Na neno moja kuhusu jiko, ingawa si habari ya vichezeo: trei au sufuria yenye utando wa kuzuia chakula kugandamana ikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi sana, hata akiwa chumba cha pili. Trei yangu ni ya chuma kitupu.

Ijumaa usiku

Nimekata, nimepiga msasa kingo, nimetoboa kwa keekee. Vipande vya Sultani ni vya unene wa kidole gumba. Vya Pili ni vyembamba kama rula, vingine kama kijiti cha barafu ya kulamba. Hakuna rangi wala vanishi. Nilitia vichache rangi ya chakula iliyoyeyushwa kwenye maji, vikakauka juani. Sioni kama ndege wanajali. Nilifanya kwa ajili ya macho yangu.

Jumamosi: kapu la bure

Hii ndiyo siku iliyonifurahisha. Nimepita ndani ya nyumba na kapu, nikachukua kila kinachoweza kuchanwa.

Katoni za kahawia zisizong'aa, baada ya kutoa pini za stepla, utepe wa gundi na lebo. Mabomba ya karatasi ya jikoni. Karatasi nyeupe za ofisi zilizotumika upande mmoja. Maganda ya mahindi yaliyokauka vizuri. Dodoki lililokatwa vipande kama pete. Pili amelipenda kuliko kitu chochote, anang'oa uzi mmoja mmoja kwa utulivu wa msusi. Ukili usiotiwa rangi. Kifuu cha nazi kilichokwanguliwa nyama yote na kukaushwa. Mpira wa henzirani wa mapambo ningeutaka sana, lakini ulikuwa umepigwa vanishi, nikaurudisha kwenye rafu.

Nilichokataa: risiti za dukani, kwa kuwa karatasi ile hupakwa kemikali ili iandikwe kwa joto, magazeti yenye kurasa za kung'aa, katoni zilizobeba sabuni au dawa, vikombe vya karatasi vyenye utando wa plastiki, na maganda ya karanga mabichi, ambayo huotesha ukungu wa Aspergillus usioonekana kwa macho. Ukungu huo ukiingia kwenye mapafu ya kasuku wa kijivu, matibabu ni ya miezi. Sheria niliyojiwekea ni kwamba chochote chenye harufu ya unyevu hakiingii kapuni, hata kama kinaonekana kikavu.

Vichezeo vya watoto wachanga vinastahili aya yake, kwa sababu mara nyingi ni rahisi kuliko vya ndege na vimetengenezwa kwa kujua kwamba vitaingizwa mdomoni. Vikombe vya kupachikana na pete ngumu za plastiki vinamfaa Pili bila wasiwasi mkubwa. Kwa Sultani nachagua kwa makini. Mtoto mchanga hana meno na hana nguvu za kupasua kokwa. Plastiki ikianza kutoa magamba makali, muda wake umekwisha. Laini kama raba simpi kabisa, kwa sababu anakata vipande na kumeza.

Jumatatu: kamba

Kila mtu ana msimamo wake kuhusu kamba, na huu ni wangu. Kamba ya pamba ni nzuri miguuni na ni hatari ikishafumuka. Nyuzi ndefu hujizungusha kwenye kidole, ndege anavuta, uzi unakaza, damu inakatika. Nyuzi fupi humezwa. Nailoni sitaki hata kuijadili. Haikatiki wala haiozi. Katani ni ngumu, haifumuki kwa nyuzi laini, na ikitafunwa hukatika vipande vifupi vinavyoanguka. Tatizo lake ni kwamba kamba nyingi za katani za viwandani hulainishwa kwa mafuta ya mashine. Unainusa. Ikinuka gereji, si ya ndege.

Kwa hiyo vichezeo vyote ninavipanga kwenye fimbo ya chuma, na kamba inatumika tu kwa vifundo vifupi vya katani isiyo na harufu, vifupi kiasi kwamba haviwezi kuzunguka shingo. Ngozi naitumia pale tu ninapojua imelainishwa kwa magome ya miti, haikutiwa kromiamu. Kipimo cha pete au tundu lolote: ama kichwa kisiingie kabisa, ama mwili wote upite bila kukwama. Ukubwa wa katikati ndio unaoua.

Jumatano: kimetundikwa

Kiunzi cha kwanza: pete ya juu, fimbo, kisha kwa zamu ubao, katoni iliyokunjwa, dodoki, ubao, kifuu, vipande vya ukili. Chini nati na ubao mnene wa kuizuia isifikiwe kirahisi.

Sultani alikiona akanyanyuka manyoya ya shingo akarudi kona ya mbali. Kasuku wa kijivu wanaogopa vitu vipya, na kumlazimisha ni kuharibu mradi. Nimekitundika nje ya kizimba, upande wa pili wa chumba, kikae huko. Nimekaa chini yake nikichana katoni kwa vidole na kujifanya nina raha nyingi. Pili hana woga huo; amekwenda moja kwa moja kwenye dodoki la kwake.

Jumapili

Kichezeo kimesogezwa siku hadi siku mpaka kikafika ubavuni mwa kizimba. Leo Sultani alinyoosha mguu wa kushoto kupitia waya, akavuta katoni, akachana ukanda mrefu, akaudondosha, akauliza "Nani?" Kisha akaendelea. Nimekiingiza ndani mchana. Jioni kifuu kilikuwa kimebaki, ubao mmoja umekuwa vijiti vya kuwashia moto, na sakafu ya chini ilihitaji fagio na uvumilivu.

Kilichonishangaza ni kwamba hakupiga kelele zake za alasiri. Sitajenga nadharia juu ya alasiri moja, ila nimeandika.

Alhamisi: chakula ndani ya kazi

Hatua inayofuata ilikuwa kumfanya atafute. Nimechukua bomba la karatasi, nikaweka ndani chembe chache za chakula chake cha kawaida, nikakunja ncha zote mbili. Mara ya kwanza liachwe wazi upande mmoja aone kilichomo. Ukilifunga kabisa kwa ndege asiyeujua mchezo atalitazama kama gogo. Baadaye nikalifunga, baadaye nikaliweka ndani ya katoni iliyojaa karatasi zilizokunjwa. Pili nampa karatasi iliyofungwa kama pipi kubwa, kwa sababu uzito wake ni kama sehemu moja ya tano ya Sultani na nguvu zake ni hivyohivyo.

Sufuria ya chakula imebaki palepale. Kutafuta ni nyongeza. Ndege asiyeelewa mchezo asilale na njaa. Nawapima uzito asubuhi kwa mizani ya jikoni kipindi hiki, na hakuna aliyeshuka.

Jumamosi: matunzo na yaliyobaki

Utaratibu uliokaa: fimbo mbili, moja kizimbani, nyingine mezani ikijazwa. Zikibadilishana, ile inayotoka huoshwa kwa maji moto na sabuni ya vyombo, husuuzwa sana na kuanikwa juani. Chenye kinyesi na hakioshiki, kama katoni, hutupwa bila huruma. Kila asubuhi nakagua pete kwa kuivuta na kuangalia kama kuna uzi uliofumuka au ncha iliyochongoka. Vichezeo vinavyokaa kizimbani kwa wakati mmoja si vingi. Nafasi ya kunyoosha mbawa ni muhimu kuliko mapambo.

Gharama ya mwezi, baada ya fimbo na pete, imeshuka karibu na sufuri. Kinachotumika ni muda, na muda huo nautumia usiku nikisikiliza redio huku nikikunja katoni.

Bado sijatengeneza vichezeo vya mguuni, vile ambavyo ndege anavishika na kuvigeuzageuza akiwa ametulia juu ya kijiti chake. Fundi amenihifadhia vipande vya msonobari vya ukubwa wa kokwa ya embe. Nitavitoboa tundu tatu kila kimoja, nipenyeze vifundo vya katani, nianze na cha Sultani, kwa mguu wa kushoto.